Wiki sita za nauli hatuziwezi, siku tano tunaziweza

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua niongelee sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito unaomvunja mtu nguvu, pale dawa zinapokataa, na naomba msiikate sana maana nimeiandika kwa siku mbili huku nashona sare za watu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mbagala. Nina dada yangu tumbo moja, yeye anakaa Chamazi, kazi yake maandazi na chapati, na kwa miaka mingi ndo alikuwa mtu wa kwanza kuamka mtaa mzima. Sasa siku niliyojua kwamba ana ugonjwa na sio uvivu wala deko kama watu walivyokuwa wanasema, nilipita kwake saa kumi na mbili kasoro asubuhi nikakuta unga umeumuka mpaka umemwagika kwenye beseni, umeshuka kwenye stuli umefika chini sakafuni, na yeye kakaa palepale pembeni mti wa kusukumia uko mkononi anautazama. Nikamwambia dada, unga unamwagika. Akaniambia nauona. Hakunyanyuka. Wala hakuwa analia, hicho ndo kilinitisha, alikuwa anautazama tu kama unga wa mtu mwingine.

Yaliyofuata wasomaji wengi mnayajua. Mama mkubwa akasema jini mahaba, jirani akasema karogwa na mwenzake wa genge la pili, tukaenda kwenye maombi, tukaenda kwa mtaalamu akachukua hela na kuku, miezi saba ikaisha. Mwisho tukafika hospitali, daktari akasema ni sonona, akampa amitriptilini ikamlaza na kumkausha mdomo basi, baadae wakambadilishia fluoksetini tukaambiwa tuvumilie wiki nne mpaka sita dawa ichukue. Tukavumilia miezi. Akaweza kuoga na kula, lakini mtu wetu hajarudi. Tuliporudi hospitali tukaambiwa endeleeni hivohivo na muombeeni. Kuomba tunaomba, Mhariri, ila nilitoka pale nikiamini dunia nzima imeishia hapo kwenye kile kidonge.

Kumbe haijaishia hapo. Mpwa wangu ambaye yuko chuo alikaa na mimi usiku akanisomea na kunielewesha, na ndo sababu ya barua hii. Kwanza wagonjwa wa aina ya dada ni wengi, karibu mtu mmoja kati ya watatu wenye sonona dawa hazimtoi kabisa hata akibadilishiwa, na madaktari wana jina lake, sonona sugu kwa dawa. Maana yake sio kwamba mgonjwa ni mkaidi au hana imani.

Pili kuna mashine ya sumaku, wanaiita TMS. Ya kwanza ilitengenezwa na Anthony Barker na wenzake kule Sheffield, Uingereza, mwaka 1985. Mimi nimeielewa kifundi: chukua bobini, badala ya uzi zungushia waya wa shaba, halafu pitisha umeme kwa kushtukiza, inatoa nguvu ya sumaku. Ile bobini inashikizwa kichwani upande wa kushoto kwa mbele, sumaku inapita kwenye fuvu bila kukata kitu, ikifika kwenye ubongo inaamsha seli ambazo kwa mgonjwa wa sonona zimepoa. Mgonjwa yuko macho amekaa kwenye kiti, hachomwi sindano ya usingizi, anasikia kugongwagongwa na mlio wa tatatata kama cherehani ikiwa mbio. Marekani waliiruhusu kutibu sonona mwaka 2008.

Niseme hapa kwa sababu najua kina mama wa Chamazi watasema mnataka kumpiga dada yenu shoti. Shoti wanayoisema ni matibabu mengine, yalianzia Roma mwaka 1938 kwa Cerletti na Bini, yale mgonjwa anapata degedege la makusudi, na siku hizi analazwa usingizi kabisa kwanza, na kwa sonona kali sana bado yanaokoa watu. Hii ya sumaku hailengi degedege. Degedege linaweza kutokea ila ni mara chache sana, kichwa kuuma ndo kawaida, na mwenye chuma kichwani haruhusiwi.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Matibabu hayo yalivyoanza yalikuwa kama dakika 37 kila siku, siku tano za wiki, wiki nne mpaka sita. Mwenye gari na kazi ya mshahara anaona ni kawaida. Dada yangu akitoka Chamazi anapanda mpaka Rangi Tatu, anaunganisha kwenda mjini, kurudi hivohivo, na hawezi kwenda peke yake kwa hiyo nauli zidisha mara mbili, na mimi niliyemsindikiza nimefunga kibanda siku nzima. Siku thelathini! Hata mashine iletwe bure tusingefika wiki ya pili, na wengi tunaoishi huku pembeni ya jiji ni hivohivo.

Ndo maana nilimwambia mpwa rudia hapo hapo aliposoma habari za marehemu daktari Nolan Williams, alikuwa daktari wa akili Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kafariki mwaka 2025. Huyu aliuliza swali ambalo mimi fundi ningeuliza, kwanini iwe wiki sita? Akaibana kazi yote kwenye siku tano. Mara kumi kwa siku, kila mara kama dakika kumi, unapumzika karibu saa nzima unaanza tena, mpaka zifike mara hamsini. Na mahali pa kuweka bobini hawakukisia, walimpiga kwanza kila mgonjwa picha ya ubongo ya MRI. Kwenye majibu ya mwaka 2022 walikuwa watu 29, waliopewa matibabu ya kweli ni 14 na 11 kati yao sonona ilitoka, waliowekewa mashine ya kuigiza isiyotibu, ili kulinganisha, walikuwa 15 na waliopona ni wawili. Mwaka huohuo Marekani ikayaruhusu.

Watu 29 ni wachache na mimi sidanganyi mtu, na wapo ambao inawarudia inabidi warudie matibabu. Lakini siku tano! Siku tano naazima chumba kwa shangazi Ilala, tunalala hukohuko, Jumamosi tuko nyumbani. Kibanda nitafunga na wateja watanielewa. Na Canada mwaka 2018 walitoa majibu ya wagonjwa 414, wakaona dakika tatu za mapigo ya haraka hazizidiwi na zile dakika 37, maana yake mashine moja ikikaa hospitali moja foleni inasogea kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Kuna na ketamini, hii ndo iliniuma zaidi, maana ni dawa ambayo hospitali zetu zinaitumia miaka yote kulazia watu usingizi kwenye upasuaji. Tangu mwaka 2000 utafiti umeonyesha dozi ndogo inaweza kumnyanyua mtu wa sonona ndani ya masaa, ingawa haidumu na lazima iwe mbele ya daktari kwa sababu inapandisha presha na ina ulevi. Msije mkaitafuta mitaani.

Nikisema matibabu haya yaletwe kwetu nitaambiwa nchi haina hela. Zamani mgonjwa wa moyo ilikuwa kamati, michango, halafu India. Leo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ipo hapahapa Upanga tangu 2015 na wanapasua mioyo ya watoto wetu. Kwa hiyo wizara watuambie na ubongo zamu yake ni lini.

Na nyie gazeti, mtu akijinyonga mnaandika ukurasa wa mbele kwa herufi kubwa chanzo wivu wa mapenzi, mtoto wake anaisoma njiani akienda shule. Nafasi hiyohiyo mpeni daktari wa akili aeleze dawa ikikataa kuna nini kingine. Aandike kliniki iko wapi, siku gani, mgonjwa aje na nini. Mimi gazeti nalinunua pale stendi ya Rangi Tatu, nitakikata hicho kipande na mkasi wangu wa kazi nikampelekee dada, maana siku hizi anaukanda unga nusu beseni halafu anapumzika, na mimi nataka awe na kitu cha kusubiri.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam