Tarehe mbili, mkutano mmoja

Ndugu Mhariri,

Nimesoma habari yenu kuhusu wajumbe wanaopiga kura ya kumchagua rais wa Marekani, mkasema kila jimbo hujipangia siku ya kukutana. Naomba mrekebishe. Jimbo hupanga mahali na saa. Siku hupangwa na Bunge la Marekani, na Katiba yao inataka iwe moja nchi nzima.

Nilikuwa katibu wa chama cha msingi cha kahawa hapa Kibosho kwa miaka 14, na tarehe ilitugawa. Mwaka mmoja masharti ya chama yalisema mkutano mkuu ni Jumamosi, waraka mpya ukasema Alhamisi. Niliomba masharti yarekebishwe mapema, bodi ikasema yangoje. Alhamisi wakaja wachache, wakapitisha hesabu za malipo ya pili. Jumamosi wakafika wengine, wenye kahawa nyingi kuliko wale, wakakuta mambo yamekwisha. Mama mmoja aliyeteremka kutoka mpakani mwa msitu, mtoto mgongoni, akaniuliza, "Katibu, sisi tumekosa nini?" Sikuwa na la kumjibu. Wapo majirani ambao mpaka leo hawapeani mkono.

Ndiyo maana habari ya jimbo la Wisconsin ilinigusa. Tangu uchaguzi wa 1936 wajumbe walikuwa wakikutana Jumatatu inayofuata Jumatano ya pili ya Desemba. Sheria ya taifa ya 2022 ikaisogeza siku hiyo hadi Jumanne, lakini Bunge la Wisconsin halikuirekebisha sheria ya jimbo. Ilipofika 2024, sheria ya jimbo ikawa inasema Desemba 16, ya taifa Desemba 17. Wajumbe wa chama cha Republican, ambao mgombea wao Trump alikwisha kushinda pale, ikabidi waende mahakamani kuuliza washike ipi. Jaji akasema Jumanne, tarehe 17.

Na jimbo hilohilo lilikwisha kuonja. Mwaka 1856 tufani ya theluji iliwachelewesha wajumbe wake watano, wakapiga kura Desemba 4 badala ya Desemba 3. Kura zile, walizompa mgombea John C. Frémont, hazikubadili kitu, maana mpinzani wake James Buchanan alikuwa na kura za kutosha bila wao. Hata hivyo wabunge wa Marekani walizozana siku ya kuhesabu, kama kura hizo zilizochelewa zikubaliwe. Je, kama kura tano zile ndizo zingeamua?

Naomba masahihisho yatoke ukurasa uleule. Na kabla ya mikutano mikuu ya vyama vyetu mwaka huu, mtume mwandishi apite kwa makatibu, aone masharti yao na nyaraka zilizokuja baadaye, aulize kama siku zinalingana. Akifika Kibosho, nakala yangu ya masharti ninayo bado, Jumamosi ile imepigiwa mstari kwa wino mwekundu.

Katibu mstaafu,
Kibosho, Moshi