Kaka ameuliza habari za fundi

Ujiji, Kigoma
16 Novemba 2025

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi, shoga yangu. Huku tu wazima, mvua ndiyo zimeshika kasi.

Ile habari ya chipu ya jicho nilimsomea kaka Issa mara mbili kibarazani, mwenyewe anashona nyavu za watu. Nyavu za dagaa unazijua matundu yake yalivyo madogo. Anapapasa kwa kidole gumba, akilipata lililochanika anapitisha sindano na kupiga fundo papo hapo. Niliposoma kwamba kuna vipofu wameanza tena kusoma herufi, mkono ukasimama.

Nikamweleza nilivyoelewa. Chipu ya milimita 2 kwa 2 inapandikizwa chini ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mgonjwa anavaa miwani yenye kamera, na miwani inarusha picha kwa miale isiyoonekana. Chipu inaigeuza ile miale kuwa umeme, unaamsha chembe zilizobaki hai. Waliopandikizwa huko Ulaya ni 38. Kati ya 32 waliopimwa baada ya mwaka, 26 walikuwa wanasoma vizuri zaidi. Ila hao ni wazee, retina yao imekufa katikati kwa umri. Upofu wa kaka ni ule wa kurithi. Unakumbuka ilivyoanza: usiku wa giza, wenzake wanaona mitumbwi mingine, yeye anaona taa yao tu.

Kwa ugonjwa wake kilikuwepo kifaa kingine, Argus II, chenye elektrodi 60, yaani vidude vidogo vya kupitisha umeme. Marekani walikiruhusu mwaka 2013. Sura ya mtu hakikuonyesha. Mtu aliona vimulimuli vya mwanga, akajifunza kutambua huu mlango, ile njia. Zaidi ya watu 300 waliwekewa. Baadaye kampuni ikaacha kukitengeneza, na 2020 ikawa karibu kufilisika. Wagonjwa wakabaki na vifaa machoni, kikiharibika hakuna wa kukitengeneza.

Kaka akanyamaza, kisha akasema, "Mashine ya mtumbwi tu hatununui kabla ya kuuliza spea. Hii ikizimika imo jichoni, fundi namtoa wapi?"

Sikuwa na jibu, Zuhura. Lakini mimi bado ninaitaka. Mtu anayeingia nyumbani kwake kwa kupapasa ukuta, kuuona mlango si jambo dogo. Ninachotaka ni wanaoitengeneza waahidi kwa maandishi kwamba mgonjwa hataachwa, hata kampuni ikifa.

Sasa nina ombi. Wewe uko karibu na Muhimbili. Niulizie kwa daktari wa macho habari za Shabani, mtoto wa kaka. Ana miaka 9. Wiki hii amejikwaa mara mbili kwenye ndoo ya maji, jua limezama na taa hatujawasha. Ndoo iko palepale siku zote. Tumlete lini, na tuje na karatasi gani? Nauli ya treni nitaitafuta.

Jibu nipigie mimi, usimpigie kaka. Hilo la ndoo sijamwambia.

Wako,
Mwajuma