Kadzo, kigeuze unipigie picha ya nyuma

Mwanangu Kadzo,

Picha za nyumba yako nimezionea kwenye simu ya Kahindi. Nyumba nimeipenda. Yule simba wa Wamunyu umemweka mahali pake, na lile jiwe la Kisii la mama na mtoto nilimwonyesha jirani, nikamwambia binti yangu hanunui makorokoro, anajua kazi ya mkono. Kinyago cha Kimakonde kisogeze mbali na hicho chombo cha joto. Mpingo ukikauka ghafla hupasuka, na ufa wake hauzibiki.

Sasa ile picha ya nne. Huo ubao mrefu wenye kichwa cha mviringo uliouegemeza karibu na kochi, umeununua kwa nani?

Umeandika kwamba hatimaye umepata sanaa ya kwetu. Kadzo, hicho ni kigango, nguzo ya kumkumbuka marehemu. Si pambo. Hakichongwi mpaka mtu wa Gohu, kile chama cha wazee wetu, afe, na hata hapo hungojwa koma yake, yaani roho yake, iwatokee wenye mji ndotoni, au maradhi yakatae kuisha. Ndipo hutafutwa muhuhu, mti usioliwa na mchwa, fundi akate zile pembetatu ulizoziita maua, kisimikwe, kimwagiwe tembo la mnazi na kufungwa vitambaa. Kikishasimama hakihamishwi. Watu wakihama mji, wao huenda, chenyewe hubaki. Haya ungeyajua tangu mdogo, lakini nilikuwa nimeokoka na sikutaka yatajwe nyumbani kwangu.

Muulize mwenye duka kilitoka mji gani. Asikujibu "Kenya" tu. Wapo mafundi wanaochonga vya kuuza, na kama ni hivyo sina neno, kaa nacho. Kilichong'olewa hujulikana: mguu umeliwa na udongo au umekatwa kwa msumeno, na rangi imebaki ndani ya mikato tu. Kigeuze. Nipigie picha ya nyuma na ya chini, kwa karibu.

Usiniambie ulilipa pesa halali. Najua ulilipa, wewe si mwizi. Lakini hata makumbusho ya huko Marekani yalilipa au yalipewa, na vilikuwa vya watu. Viwili vilivyoibwa mji mmoja huku Kilifi mwaka 1985 vilionekana kwenye makumbusho mawili ya huko, na hadi vinarudi miaka 20 ilikuwa imepita. Mzee mwenye mji huo hakuwahi kuviona tena. Ya Denver yalikuwa navyo 30, yakavirudisha. Kama wao waliweza, wewe hushindwi.

Mamako goti bado linamsumbua, ila pesa ya dawa ilifika, ahsante. Jiko tumeliezeka makuti mapya. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Na simu hupigi, Kadzo. Picha nne na mistari miwili, baada ya miezi mitatu.

Kile cha babu mzaa babu yako kiliondoka usiku mmoja wa Januari, mwaka ule ulioitwa kidato cha kwanza. Watu niliwaambia nilikuwa nimelala. Mbwa hawakubweka. Asubuhi yake karo ilikuwapo, na sanduku lako la bati nikalinunua siku hiyo hiyo. Hukuuliza, na mamako hakuuliza.

Chetu kina kovu la panga kwenye bega la kushoto, ukikitazama kwa mbele. Refu kama kidole cha shahada, limeinama kuelekea kichwani. Babu alisema fundi aliteleza. Kwenye picha yako bega hilo limefichwa na pazia, nimekuza mpaka macho yameuma.

Usikifute kwa mafuta. Usikining'inizie kitu. Usikiuze, hata kikikutisha baada ya kusoma haya.

Kahindi yuko hapa na simu yake mpaka Jumapili jioni, kisha anarudi kazini Mombasa. Tuma kabla hajaondoka, na ile ya bega uitangulize.

Babako