Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kwa Nini Hatukununua Kiwanja

Ndugu wanachama,

Baada ya salamu, naomba niende moja kwa moja kwenye jambo lililotuletea maneno mengi. Fedha za mfuko wa ardhi bado ziko benki, na mwaka huu chama hakikuongeza kiwanja hata kimoja. Kamati ilikwenda Chanika, Mapinga na Kigamboni, ikakataa kote. Uamuzi huo nausimamia, na ni haki yenu kujua sababu zake.

Cha Chanika ndicho kilichokaribia kutunasa. Bei ilikuwa nzuri, umeme umefika, na muuzaji alikuwa na mkataba wenye mhuri wa serikali ya mtaa. Tulipoulizia hati, tukaambiwa iko njiani. Mpimaji wetu akanakili namba iliyochongwa kwenye bikoni, yaani jiwe la mpaka wa kiwanja, tukaenda nayo ofisi ya ardhi. Kumbe bikoni ile ni ya kiwanja cha jirani, imeng'olewa na kusogezwa. Eneo tulilokuwa tunauziwa, kwenye mchoro wa mipango miji, ni eneo la wazi la matumizi ya umma. Tuliporudi kuangalia vizuri, udongo uliolizunguka lile jiwe ulikuwa bado mbichi, na mama anayelima mihogo pembeni akatuambia watoto wamekuwa wakicheza mpira pale miaka yote.

Hilo ndilo kosa la kwanza: wengi wetu bado tunaamini mhuri wa mtaa unamaliza kazi. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kushuhudia kwamba muuzaji anamfahamu, lakini hana mamlaka ya kummilikisha mtu ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na mwenye hati anapewa haki ya kuitumia kwa miaka 33, 66 au 99, tena kwa masharti. Ndiyo maana kwa kiwanja kilichopimwa tunataka upekuzi kwa Msajili wa Hati ufanyike kabla ya kutoa hata shilingi ya advansi. Hapo ndipo rehani ya benki au zuio la mahakama huonekana. Na kama ni nyumba ya familia, mwenzi wa muuzaji lazima aridhie. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda. Kama ni mali ya marehemu, tunadai barua ya usimamizi wa mirathi, hata muuzaji akikasirika.

Kosa la pili ni kununua tetesi. Mkataba wa awali wa bandari ya Bagamoyo uliposainiwa mwaka 2013, watu walikimbilia ardhi ya huko kwa bei za mji ambao haujajengwa. Mwaka 2019 mradi ulikuwa umesimama, na waliokopa ili wanunue waliendelea kurejesha mikopo. Kigamboni nako, mpango wa mji mpya uliotangazwa mwaka 2008 uliwaacha wenye maeneo kwa miaka mingi hawajui kama wajenge au wasubiri fidia. Daraja lilifunguliwa mwaka 2016, kweli, ila mwenye mkopo wa miezi 24 hawezi kusubiri daraja. Na tukumbuke Kimara: mwaka 2017 nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, yaani eneo lililotengwa kandokando yake, zilivunjwa, zikiwemo za watu waliokaa pale miaka mingi. Inaniuma kila nikipita, kwa sababu swali moja la upana wa hifadhi ya barabara, likiulizwa kabla ya kununua, lingeokoa akiba ya maisha ya mtu.

Kuhusu wazo la kujenga vyumba vya kupangisha, silipingi. Ninachopinga ni hesabu ya kuzidisha kodi ya mwezi kwa kumi na mbili na kuiita faida. Kuna miezi ambayo chumba hakina mtu, kuna dalali anayechukua kodi ya mwezi mmoja, gari la kunyonya choo, rangi kila mpangaji anapohama, kodi ya mapato ya pango, na kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Kamati imeandaa hesabu yenye mambo hayo yote, mtaikuta mezani kwa mhazini.

Viwanja vyetu vya zamani navyo visisahauliwe. Hati zina masharti ya kuendeleza, na kuviacha vichaka ni kuhatarisha miliki yetu wenyewe. Mwaka ujao naomba tuanze na uzio na kisima kwenye kile chenye hati kamili.

Naomba mkutano upitishe maazimio mawili: malipo yoyote ya ardhi yasitoke bila ripoti ya upekuzi na ya mpimaji tuliyemchagua wenyewe, na fedha za ununuzi ziwe akiba yetu tu, si mkopo wa muda mfupi. Katibu atasoma rasimu za maazimio hayo, kisha tutapiga kura.

Mwenyekiti