Ubeti Niliouruka

Mwanangu mpenzi,

Salaam nyingi. Sisi huku Tanga wazima, na jicho langu limetulia. Alipotolewa yule mtoto wa jicho niliambiwa nisiiname, nisibebe ndoo, nisikae kwenye moshi. Nikawa kama bibi harusi wa fungate, napikiwa na mdogo wako. Miwani ilipokuja nikamwomba anishushie lile sanduku la vitabu la marehemu baba yenu, na mwezi mzima huu wa Mfungo Pili nimekuwa nasoma. Mimi, niliyekuwa nikimnunia kwa kununua kitabu siku ambayo sukari imekwisha!

Si vyote nilivyovimaliza. Juliasi Kaizari nimemwacha yu hai bado. Kiswahili cha Mwalimu Nyerere aliyeitafsiri kitamu, lakini wale Warumi maneno mengi. Hata hivyo jina la ile tamthilia ya pili aliyoitafsiri, Mabepari wa Venisi, lilinichekesha: wafanyabiashara wa Shakespeare wameamka mabepari, na kitabu kimetoka 1969, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha.

Al-Inkishafi, lile shairi la kale, niliisoma usiku, nikajuta. Mshairi anakuonyesha majumba ya wakubwa wa Pate, kule Lamu, taa zimezimika, makinda ya popo yananing'inia juu. Nikakumbuka yale magofu ya Tongoni, ulipokuwa darasa la tatu, unahesabu makaburi na kuuliza wenyewe wamekwenda wapi.

Shaaban Robert huyu ni wetu, mzaliwa wa Vibambani. Nilikuwa nikimjua kwa mafumbo ya shuleni tu. Sasa nimesoma alivyomlilia mkewe: "Amina umejitenga, kufa umetangulia." Mwanamume anamlilia mkewe mbele za watu, mizani kumi na sita kila mstari, wala haoni haya. Nilifunga kitabu nikaenda kukaa barazani mpaka adhana ya Alasiri.

Lakini nilichotaka kukuandikia ni ule utenzi wa Mwana Kupona, wa mama anayemuusia bintiye.

Unakumbuka mwaka ule uliorudi na begi moja na mtoto mgongoni. Nilikukalisha ukumbini, hata maji hujanywa, nikakwambia: hata Mwana Kupona kamuusia bintiye, mke hapati pepo bila radhi ya mumewe. Ukanyamaza. Asubuhi ukarudi kwake, ukakaa miaka mingine miwili.

Mwanangu, nilikuwa sijausoma utenzi ule. Niliusikia kwa bibi yangu, naye aliusikia kwa wanawake wa shughulini, na kila mmoja aliukata palipomfaa.

Sasa nimeusoma, beti zote mia na mbili, kidole kikiwa kwenye faharasa ya maneno maana kile si Kiswahili cha Tanga. Umetungwa 1858. Mama yule ni mjane, maradhi yamemshika mwaka mzima, anamwita binti yake mdogo aketi mbele yake na wino na karatasi, ana hadithi moyoni. Sikuwa nikijua kama aliyesema yale yote alikuwa mtu anayemwacha mtoto peke yake. Radhi tano zimo, siwezi kukuambia hazimo: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya mume. Na mengine mpaka leo yananikera. Mgonjwa wa mwaka mzima bado anawaza nani atampepea mwanamume aliyelala!

Ila mbele kidogo anageuka, anasimulia ndoa yake mwenyewe:

Naliowa na babako
kwa furaha na kiteko
tusondoleane mbeko
siku zote twalokaa.

Kiteko ni kicheko. Mbeko nilimuuliza jirani yetu wa Lamu, akasema ni heshima, ile ya mtu kumwekea mwenzake. Tusondoleane, yaani hakuna aliyemvunjia mwenzake. Si mke peke yake. Ubeti huu bibi yangu hakunighania hata siku moja, wala mimi sikukughania wewe. Siku ile ukumbini nilikuuliza umemkosea nini mumeo. Sikukuuliza yeye amekuondolea nini, na lile jicho lako lililovimba nililiona. Nilikuwa naona vizuri wakati ule.

Baba yako aliniambia usiku uleule, "Mwache mtoto apumzike kwanza." Nikamjibu haya ni mambo ya wanawake.

Kitabu nakitia kwenye basi la Jumatatu pamoja na nazi na samaki wa kukausha, uwahi kuwachukua kabla hawajanukia abiria. Mwambie mjukuu wangu akusomee, macho yake mazima. Ukurasa wenyewe nimeukunja pembe. Baba yako angekuwepo angenigombeza, kitabu hakikunjwi.

Mama yako