Risala kwa Mgeni Rasmi: Msufi, Sufi na Mbao Zake

Ndugu Mgeni Rasmi,

Karibu sana. Risala yetu ni fupi na inahusu msufi, mti ambao watu wa pwani wamelalia mito yake miaka nenda rudi, ila fundi seremala akitajiwa mbao zake hukunja uso.

Matunda huvunwa yanapogeuka kutoka kijani kuwa kahawia, kabla hayajapasuka. Ukiwahi, nyuzi za ndani, yaani sufi, hutoka dhaifu na zenye unyevu. Ukichelewa, unavuna upepo. Huanikwa juani mpaka ganda livunjike kwa mkono. Mbegu hazikushikamana na nyuzi kama za pamba, kwa hiyo mtambo wa kuchambulia hauhitajiki: sufi hutiwa kwenye pipa lililofunikwa wavu, ikakorogwa kwa ufito wenye vijiti vilivyokingama, mbegu zikazama chini. Mbegu hizo hukamuliwa mafuta ya sabuni. Mkorogaji afunge kitambaa puani, na asiwepo mvuta sigara karibu. Sufi hushika moto kufumba na kufumbua.

Uzi wenyewe una sentimita 1 hadi 3, una nta, na ndani ni mrija uliojaa hewa. Ndiyo maana zamani ulijazwa kwenye maboya ya kujiokolea baharini. Ila huteleza mno, haukubali kusokotwa peke yake bila kuchanganywa na pamba. Kitambaa cha mto kiwe kimefumwa kwa kubana, la sivyo sufi itavuja. Tena mto haufuliwi, hufuliwa foronya tu. Sufi ikilowa hufanya mabonge.

Sasa mbao, Mgeni Rasmi, ambako msufi umesingiziwa sana. Ni nyepesi na laini: zinafaa masanduku, mbao za tabaka (plaiwudi), hata mitumbwi. Hazifai nguzo wala mlango wa nje, huoza upesi, na misumari haishiki vizuri. Kasoro kubwa hutokana na kuchelewa. Gogo lililolala wiki moja na maganda yake huingiwa na ukungu wa bluu, kisha wadudu watoboao. Lipasuliwe siku ileile au kesho yake, mbao zipangwe kivulini penye upepo, kila safu ikitenganishwa na vijiti vikavu.

Kwa hiyo tunaomba vitu viwili: banda lenye paa na kuta za wavu, la kukorogea sufi na kukaushia mbao, na msumeno wa kupasulia uwe hapa kijijini kabla shoka halijagusa mti.

Ahsante kwa kutusikiliza.