Wa dirishani nao waulizwe

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kila mwanzo wa mwaka Transparency International, lile shirika la kimataifa la kupinga rushwa, wakitoa ile ripoti yao ya rushwa inayozipa nchi alama, sifuri ni rushwa tupu na mia ni safi kabisa, huku kijiweni watu wanaisoma kama msimamo wa ligi, tumepanda, tumeshuka, tumewapita Kenya. Ya 2024 Tanzania tulipata alama 41 tukawa wa 82, ya 2023 tulikuwa na 40 nafasi ya 87, basi kila mtu anasema rushwa imepungua. Jamani, alama moja katika mia! Wanaoipiga hesabu wenyewe wanaweka na kiwango cha makosa, na nafasi unaweza kupanda kwa sababu wenzako wameshuka tu. Ukitaka kuona mabadiliko angalia mbali, 2015 tulikuwa na 30, hapo sawa kuna kitu cha kuongea, ila msirudi nyuma ya 2012 maana mwaka huo ndio walibadili namna ya kuhesabu.

Halafu wengi hawajui nani anaulizwa. Hawaji kwetu. Wanachukua tathmini za wataalamu na wafanyabiashara kutoka vyanzo 13, Benki ya Dunia imo, nchi lazima ipatikane angalau kwenye vyanzo vitatu, ndio wanatoa wastani. Ni mtazamo, tena wa rushwa ya serikalini tu. Sisemi ni uongo, Denmark kupata 90 na Sudan Kusini 8 kwenye hiyo ya 2024 sio bahati nasibu.

Lakini mwezi wa tatu nimefuatilia cheti cha kuzaliwa cha mwanangu, ofisi siitaji, siku ya tatu naambiwa mtandao uko chini, mama mmoja nyuma yangu akakunja elfu kumi akaiweka katikati ya fomu akaipitisha dirishani, haikupita robo saa akaitwa jina akaondoka na cheti. Mimi nikarudi nyumbani mikono mitupu na nauli imeisha, mtoto anasubiri kuandikishwa shule. Iliniuma sana.

Hiyo elfu kumi mtaalamu hakuiona. Afrobarometer, wale wa utafiti wa maoni ya wananchi Afrika, ndio wanaomuuliza mwananchi wa kawaida kama alitoa chochote ili apate kitambulisho au matibabu. Kwa hiyo mhariri ripoti ijayo ikitoka tuandikieni alama za miaka kumi, sio nafasi tu, na pembeni yake wekeni majibu ya Afrobarometer, na mwandishi wenu akae asubuhi moja kwenye foleni na sisi.

Msomaji wenu,
Morogoro